Ngome ya Masada: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mahujaji wengi wanaokwenda Nchi Takatifu hupitishwa Masada wakiwa njiani kwenda kuelea kwenye Bahari ya Chumvi. Huko husimuliwa kisa kimoja kifupi: watu 960 walikubali kufa kuliko kuwa watumwa wa Warumi. Kisa hicho kina msingi, ila kimefupishwa mno, na sehemu yake inayogusa moyo kuliko zote imetoka kwenye kalamu ya mtu mmoja ambaye hakuwapo. Majibu yafuatayo yanatenganisha yale ambayo mawe yenyewe yanaonyesha na yale tuliyosimuliwa. Waliokufa pale, wa juu ya jabali na wa chini yake, wanastahili angalau hilo.

Masada iko wapi hasa?

Iko ukingoni mwa jangwa la Yuda, magharibi mwa Bahari ya Chumvi, kusini mwa En-gedi. Ni jabali lililosimama peke yake, limetengwa na makorongo, na juu yake kuna uwanda bapa wenye urefu wa mita 600 hivi na upana unaofika mita 300. Upande wa mashariki ni genge linaloshuka zaidi ya mita 400 kuelekea bahari ile. Upande wa magharibi kimo chake hakifiki hata theluthi ya hapo, na upande huo ndio uliokuja kuiponza ngome.

Pamoja na urefu wote huo, kilele kiko mita kama 60 tu juu ya usawa wa bahari kuu, kwa kuwa Bahari ya Chumvi iko zaidi ya mita 400 chini ya usawa huo. Hakuna nchi kavu iliyo chini kuliko ufuo wake duniani.

Nani aliijenga?

Mwanahistoria Myahudi Flavius Josephus, ambaye tutamtaja sana hapa, anasema kuhani mkuu aitwaye Yonathani ndiye wa kwanza kuweka ngome pale. Lakini karibu kila jengo kubwa unaloliona leo ni la Mfalme Herode, na sababu ya yeye kuipenda Masada inaanzia kwenye hofu.

Mwaka 40 KK Waparthi, maadui wa Roma kutoka mashariki, waliingia Yerusalemu wakamtawaza mpinzani wake, Antigono. Herode alitoroka usiku na jamaa zake, akawaficha Masada chini ya ulinzi wa ndugu yake Yusufu, kisha akaendelea hadi Roma kuomba msaada. Nyuma yake watu wa Antigono wakaizingira ngome. Chakula kilikuwepo, maji yakaisha. Josephus anasimulia kwamba Yusufu alikuwa ameshaamua kutoroka na watu 200 kukimbilia kwa Wanabatea, Waarabu wa jirani, na usiku uleule mvua ikanyesha, mabirika yakajaa, wakabaki. Herode akarudi na jeshi, akawaokoa, na mwaka 37 KK akaitwaa Yerusalemu akiwa mfalme aliyewekwa na Roma.

Ukikumbuka usiku ule wa mvua, utaelewa kwa nini alipoanza kujenga upya Masada alihangaikia maji kuliko kitu kingine chochote.

Ni Herode yuleyule wa watoto wa Bethlehemu?

Ndiye. Ni Herode wa Mathayo 2, aliyekufa mwaka 4 KK. Yule aliyemkata kichwa Yohana Mbatizaji ni mwanawe, Herode Antipa. Josephus anasema Herode aliiandaa Masada kwa sababu mbili: aliogopa raia wake mwenyewe wasije wakamwangusha, na aliogopa Kleopatra wa Misri, aliyekuwa akimshawishi Marko Antonio, mkuu wa Kirumi, ampe Uyahudi.

Kwenye jangwa kavu namna ile, maji yalitoka wapi?

Hili ndilo jibu ambalo mimi ningetaka kila mgeni aondoke nalo, hata akisahau mengine yote.

Jangwa la Yuda hupata mvua chache, lakini zikinyesha milimani magharibi, makorongo hufurika kwa ghafla. Mafundi wa Herode walizuia mafuriko hayo kwenye makorongo mawili yanayopita kando ya jabali, wakayaelekeza kwa mifereji hadi kwenye mabirika 12 yaliyochongwa ndani ya mwamba, upande wa kaskazini-magharibi, safu mbili moja juu ya nyingine. Yakijaa yote yaliweza kuweka mita za ujazo 40,000 hivi, yaani lita milioni 40. Kuta zake zilipigwa lipu nene ili maji yasivuje kwenye nyufa.

Kutoka hapo maji hayakuweza kupanda yenyewe. Yalibebwa na wanyama na watu, mzigo kwa mzigo, kwenye njia nyembamba ya ubavuni hadi kwenye mabirika mengine ya kileleni. Siku chache za mafuriko zilitosha kulisha ngome kwa muda mrefu sana. Ukiingia kwenye birika kubwa la kusini mwa uwanda, ambako leo ngazi zinakushusha hadi sakafuni, lipu bado imeshika ukutani. Sauti yako inakurudia, na ndipo unapata picha ya ukubwa wa kazi iliyofanywa na watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Kulikuwa na nini huko juu?

Ukingo wa uwanda ulizungushiwa kuta mbili sambamba, na katikati yake vyumba, kwa urefu wa karibu mita 1,300. Kulikuwa na minara, kambi za askari, na kasri la magharibi lenye sakafu za mozaiki. Kulikuwa pia na maghala marefu membamba yaliyopangwa ubavu kwa ubavu. Humo vimepatikana vipande vya mitungi yenye maandishi ya Kilatini yanayoonyesha kuwa divai ililetwa kutoka Italia kwa ajili ya Herode, mfalme wa Uyahudi. Josephus anasema ziliwekwa nafaka, mafuta, divai, kunde na tende, pamoja na silaha za kutosha watu 10,000.

Kilichozidi vyote ni Kasri la Kaskazini. Limening'inia kwenye ncha ya jabali kwa ngazi tatu za majengo, kila moja chini ya mwenzake, na tofauti ya kimo kati ya ya juu na ya chini inakaribia mita 30. Ngazi ya chini kabisa ina nguzo ambazo kwa mbali ungeapa ni marumaru. Zisogelee. Ni vipande vya jiwe laini la kienyeji vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vikapigwa lipu na kuchorwa mifuo ili vionekane nguzo nzima ya jiwe la thamani. Ukutani pia rangi imepakwa kuiga marumaru, mekundu na ya kijani. Mfalme alitaka Roma jangwani, na mafundi wakampatia Roma ya lipu. Kazi yenyewe ni safi kiasi kwamba miaka 2,000 baadaye sehemu zake bado zinang'aa.

Karibu na hapo kuna hamamu ya Kirumi. Sakafu ya chumba cha moto ilibebwa na nguzo fupi zipatazo 200, na hewa ya moto kutoka tanuri ilipita katikati yake. Kuni na maji ya kuendeshea hamamu hiyo vilipandishwa jabalini kwa jasho la watu.

Je, Masada inatajwa kwenye Biblia?

Kwa jina hilo, hapana. Wengine hutaja 1 Samweli 24, ambapo Daudi anaachana na Sauli huko En-gedi na kupanda "ngomeni", wakadhani ni hapa. Jirani ni jirani, lakini hakuna jengo la wakati wa Daudi lililopatikana kileleni, na mimi siwezi kulihubiri kama jambo lililothibitishwa.

Waliozingirwa na Warumi walikuwa akina nani?

Baada ya Herode, Warumi waliweka kikosi pale. Mwaka 66 BK Wayahudi walipoasi, kundi la waasi liliiteka Masada na kuchukua silaha za Herode. Kundi hilo Josephus analiita Sicarii, watu wa majambia, kwa sababu walificha visu vifupi ndani ya nguo na kuua wapinzani wao katikati ya umati wa watu Yerusalemu. Kiongozi wao, Menahemu, aliuawa na Wayahudi wenzake mjini. Jamaa yake mmoja, Eleazar ben Yair, alikimbia na waliosalia hadi Masada, na wakakaa huko hadi mwisho wa vita.

Waongozaji wa watalii huwa hawakawii hapa, nami naona ni kosa. Josephus huyohuyo anayetupa hotuba ya kishujaa ya Masada, tutakayoifikia baadaye, anasema pia kwamba, wakati wa Pasaka, watu hawa walishuka usiku wakaivamia En-gedi, mji wa Wayahudi wenzao, wakawafukuza wanaume na kuua wanawake na watoto zaidi ya 700, kisha wakabeba mavuno. Anayekubali ushahidi wake kwa habari moja hana budi kuuangalia kwa nyingine. Wanawake na watoto wa En-gedi hawana mnara wowote.

Wakati huohuo, juu ya jabali waliishi pia familia za kawaida. Vyumba vya ukutani viligawanywa kwa kuta za matope, vikawekwa meko na matundu ya kuhifadhia. Vimepatikana viatu, vikapu, vitambaa, vifaa vya kusokotea na vipodozi. Chumba kimoja cha ukutani kiligeuzwa sinagogi na kuwekwa mabenchi pembeni, na yalijengwa mabirika ya kujitakasa kwa sheria za dini. Chini ya sakafu ya sinagogi vilifukuliwa vipande vya magombo ya Kumbukumbu la Torati na Ezekieli. Cha Ezekieli kinagusa sura ya 37, ile ya bonde la mifupa mikavu.

Warumi waliwezaje kufika juu?

Yerusalemu ilianguka mwaka 70 BK. Liwali mpya, Lucius Flavius Silva, alikuja na Lejioni ya Kumi, yaani kikosi kikuu cha maelfu ya askari wa Kirumi, vikosi vya kusaidia, na mateka wa Kiyahudi waliobebeshwa maji na chakula. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzungusha ukuta wa mawe kuizunguka Masada nzima, karibu kilomita 4, pamoja na kambi nane, ili asitoroke mtu. Kambi hizo bado zipo. Ukisimama ukingoni mwa uwanda unaona miraba yake kule chini, na milango yake, na vijumba vya mawe ambavyo askari walifunika kwa mahema. Ni nadra sana duniani kupata mazingiwa ya Kirumi yaliyosalia kwa ukamilifu huu, kwa sababu jangwa halikuruhusu mtu kujenga juu yake.

Kisha wakageukia upande wa magharibi. Pale palikuwa na mgongo wa asili wa mwamba mweupe uliokaribia kilele. Warumi waliuongezea mawe, udongo na magogo hadi likawa tuta la kupandia. Wanajiolojia wameonyesha kuwa sehemu kubwa ya tuta ni ya asili, hivyo kazi ilikuwa ndogo kuliko macho yanavyodhani. Vipande vya miti ya zamani bado vinachomoza kwenye udongo wake. Juu ya tuta walisukuma mnara uliofunikwa chuma, wenye mitambo ya kurusha mawe na gogo la kubomolea, wakauvunja ukuta.

Waliozingirwa walijenga haraka ukuta wa pili wa magogo uliojazwa udongo, ambao ukigongwa unazidi kushikana. Warumi wakauchoma moto. Josephus anasema upepo mwanzoni uliwarudishia ndimi za moto, kisha ukageuka.

Ilikuwa mwaka gani, na ilichukua muda gani?

Vitabu vingi husema 73 BK. Wasomi wengine wanapendelea 74, kwa sababu maandishi ya jiwe yaliyopatikana Italia kuhusu maisha ya Silva yanaonyesha kuwa hakuweza kuwa liwali mapema hivyo. Kuhusu muda, zamani ilisemwa miezi mingi, hata miaka mitatu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv uliochapishwa 2024, uliopima ukuta wa mazingiwa na nguvukazi iliyohitajika, umeshusha makadirio hadi wiki chache, nao unakwenda pamoja na maoni ya watafiti kadhaa waliotangulia.

Je, ni kweli watu 960 waliuana na kujiua?

Kwanza, kisa chenyewe. Usiku baada ya ukuta kuvunjwa, Eleazar aliwakusanya wanaume akawaambia kifo ni bora kuliko wake zao kunajisiwa na watoto kufanywa watumwa. Kila mwanamume akaua familia yake. Kisha wakapiga kura, wakachaguliwa kumi wa kuwaua wengine, na miongoni mwa kumi mmoja wa kuwamaliza wenzake na kujiua mwenyewe. Mali zikachomwa, chakula kikaachwa, ili Warumi waone kuwa njaa haikuwashinda. Asubuhi askari wakapanda wakakuta kimya. Wanawake wawili na watoto watano waliojificha kwenye mfereji wa maji walitoka na kueleza.

Sasa uzito wake. Josephus ndiye shahidi wetu pekee wa tukio hilo. Marabi wa kale walioandika habari nyingi za vita vile hawakuitaja Masada. Yeye mwenyewe aliandika akiwa Roma, akitunzwa na familia ya Kaisari Vespasiano, na hotuba ndefu ya Eleazar imejaa falsafa ya Kigiriki kuhusu roho na mwili. Wanahistoria wa zama zile waliona ni halali kumtungia shujaa maneno yanayofaa, na wasomaji wao walilijua hilo.

Kuna jambo lingine linalonisumbua. Mwaka 67, akiwa kamanda wa waasi huko Yodfat, Galilaya, Josephus alijificha pangoni na wenzake kama 40. Waliapa kufa kuliko kujisalimisha, wakapiga kura wauane. Wakabaki wawili, na Josephus akiwa mmoja wao; akamshawishi mwenzake wajisalimishe kwa Warumi. Mtu aliyepita humo ndiye anayetusimulia kura za Masada. Sisemi alibuni, ila mkono wake umo ndani ya kisa.

Mawe yanasemaje? Yanathibitisha mazingiwa, tuta, kubomolewa kwa ukuta na moto mkubwa. Yanathibitisha pia kwamba watu wa dini ya Kiyahudi waliishi pale na familia zao hadi mwisho. Zaidi ya vigae 700 vyenye maandishi vilipatikana, na kati yake kikundi cha 11 vyenye majina, kimoja kikisomeka "ben Yair". Yigael Yadin, mwanaakiolojia aliyeongoza uchimbaji, alipendekeza kuwa huenda ndizo kura zenyewe. Wengine wanaona ni vigae vya mgao wa chakula kama vile vingine vingi, na idadi ya 11 haioani na watu kumi wa Josephus.

Mimi nasimama hapa: ngome ilianguka kama anavyoeleza, na naona inaaminika kabisa kwamba watu kadhaa walichagua kufa pamoja, kwa kuwa hilo lilitokea mahali pengine katika vita vile. Lakini kura, idadi kamili na hotuba ni vya Josephus, na anayevisimulia ataje jina lake.

Mifupa yao ilipatikana?

Michache tu. Kwenye ngazi ya chini ya Kasri la Kaskazini ilipatikana mabaki ya mwanamume, mwanamke na mtoto. Nywele za mwanamke zilikuwa bado zimesukwa, na viatu vyake vilikuwa karibu. Kwenye pango la genge la kusini kulikuwa na mifupa ya watu wapatao 25. Mwaka 1969 serikali ya Israeli iliizika kwa heshima za kijeshi. Baadaye ikajulikana kuwa mifupa ya nguruwe ilikuwa imechanganyika na ile ya pangoni, na baadhi ya watafiti wakauliza kama wale walikuwa Wayahudi kweli au Warumi. Miili mingi ya mamia waliotajwa haijaonekana.

Nini kilitokea baada ya hapo?

Warumi waliweka kikosi kwa muda. Katika karne ya 5 watawa wa Kikristo walikaa pale wakajenga kanisa dogo, ambalo kuta zake na mozaiki zinaonekana hadi leo. Kisha kimya cha karne nyingi. Mwaka 1838 Wamarekani Edward Robinson na Eli Smith, wakitazama kwa darubini kutoka En-gedi, walitambua kuwa jabali lile ndilo Masada. Uchimbaji mkubwa ulifanyika 1963 hadi 1965 chini ya Yadin, na watu waliojitolea walifika kutoka nchi nyingi. Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliipokea 2001.

Kwa nini Waisraeli waliifanya alama ya taifa?

Katika karne ya 20, vijana wa Kiyahudi walianza kuipanda kama safari ya kiapo, na kwa miaka mingi askari wa vifaru waliapishwa kileleni. Kisa kilibebwa upande wa ushujaa, na En-gedi ikaachwa. Tangu miaka ya 1980 na 1990 wasomi wa Israeli wenyewe wamelijadili hilo kwa ukali na uaminifu mkubwa, na mjadala huo ni sehemu ya historia ya Masada sawa na tuta la Warumi.

Habari za mtende uliofufuka ni za kweli?

Ni za kweli. Kokwa za tende zilizochimbwa na timu ya Yadin zilihifadhiwa kwa miongo minne. Mwaka 2005 Dk. Sarah Sallon na Elaine Solowey walipanda chache kati yake kusini mwa Israeli, na moja ikaota. Vipimo vya kaboni vilionyesha ina umri wa miaka 2,000 hivi. Mti ukapewa jina la Methusela. Ulikuwa dume, na watu wa pwani wanajua kuwa mtende dume hauzai. Chavua yake ilitumika kwa mtende jike, nao uliota kutoka kokwa ya kale ya sehemu nyingine ya jangwa la Yuda, na mwaka 2020 tende zikavunwa.

Nikienda, nizingatie nini?

Kuna njia tatu za kupanda: Njia ya Nyoka upande wa mashariki kwa miguu, ambayo ni ndefu na haina kivuli, gari la kebo upande huohuo, na njia fupi ya magharibi kupitia tuta la Warumi. Barabara ya Arad inayofika magharibi haiungani na ile ya mashariki, kwa hiyo elewana na dereva mapema. Beba maji na kofia, na anza alfajiri, kwa sababu siku za joto kali Njia ya Nyoka hufungwa. Wazee watumie gari la kebo bila kuona haya.

Ukiwa kileleni, tazama mstari mweusi uliopakwa kwenye kuta: chini yake ni mawe yalivyokutwa, juu yake ni yaliyorudishwa na wataalamu. Na usiposhuka hadi ngazi ya chini ya Kasri la Kaskazini utakuwa umekosa sehemu bora kabisa, ingawa vikundi vingi huiruka kwa kuhofia kushuka na kupanda. Vitu vingi vilivyochimbuliwa viko chini ya jabali, kwenye jumba la makumbusho lenye jina la Yadin karibu na kituo cha kebo. Vigae vile 11 vyenye majina vimewekwa humo, kwa hiyo tenga muda wa kuingia kabla basi halijaondoka.